Kiungo Kikatwe

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni kwamba nimejenga karibu na barabara, na nyumba yangu inafikika kwa urahisi.

Ninachoweza kusema ni kwamba ilikuwa nchi ya amani kubwa. Mtu akipaliwa na maji alitoka kwanza nje akawaomba radhi majirani kwa kukohoa bila mpangilio. Tena ilikuwa nchi yenye Idara ya Hotuba, iliyokuwa na jengo lake, bendera yake na wimbo wake, na kazi yake ilikuwa kuandaa hotuba za Mtukufu Mlezi wa Taifa.

Katika Idara hiyo alikuwamo katibu muhtasi aitwaye Sikudhani Mbwilo, mwanamke wa makamo, mcheshi, mke wa fundi cherehani mmoja jina lake Abedi. Sikudhani ndiye aliyezichapa hotuba. Maneno hayakumsumbua, kwa kuwa yalikuwa yale yale kila mwaka. Kilichomnyima usingizi ni namba. Namba zilitoka Idara ya Takwimu, kwa Dakta Malekano, na zilibadilika kufuatana na sura za wakubwa. Waziri wa Maji akinuna asubuhi, visima viliongezeka kabla ya chai. Waziri wa Afya akisafiri, zahanati zilipungua kidogo, akirudi zinajaa dawa. Kila badiliko lilimaanisha Sikudhani afungue hotuba, afute namba ya zamani, aandike mpya. Na aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla yake alisahau sifuri moja, akahamishiwa kituo ambacho hakimo kwenye ramani.

Basi siku moja wakapelekwa semina ya kompyuta. Mkufunzi akawaonyesha kwamba unaweza kuchukua namba zilizomo kwenye jedwali, ukazinakili, kisha ukaja kwenye hati yako ya maandishi, na badala ya kubandika hivi hivi ukabandika kwa kiungo.

"Namba ikibadilika kule kwenye jedwali," alisema mkufunzi, "huku kwenye hati nayo inabadilika yenyewe. Ninyi hamgusi kitu."

Hamgusi kitu! Sikudhani nusura alie. Mtu asiyegusa namba hawezi kuikosea, na asiyeikosea hahamishwi. Aliporudi ofisini akaiunganisha hotuba ya Siku ya Kushukuru na jedwali la Dakta Malekano, namba moja baada ya nyingine. Hakuomba kibali. Kibali huombwa kwa maandishi, na maandishi hubaki.

Akalala usingizi mzuri kwa muda.

*

Siku ya Kushukuru ndiyo siku ambayo wananchi wa nchi ile hukusanyika uwanjani kumshukuru Mtukufu Mlezi kwa yale ambayo angewafanyia. Asubuhi ya siku hiyo Mtukufu aliamka na wazo ambalo halijawahi kumpata. Akampigia simu Dakta Malekano.

"Leo nataka kuona takwimu za kweli," akasema. "Kwa macho yangu tu."

Dakta Malekano akashikilia meza. Za kweli alikuwa nazo, lakini alizihifadhi kichwani, mahali pekee pasipokaguliwa. Kwa haraka akafungua jedwali lake, akafuta namba nzuri, akaandika za kweli, akachapa karatasi moja, akaitia kwenye bahasha, bahasha akaiingiza kifuani, akakimbilia uwanjani. Alikusudia kurudi baadaye azirudishe zile nzuri.

Pale uwanjani palikuwa na kioo kilichokuwa kikionyesha maneno ya hotuba, ili Mtukufu aonekane anaongea kutoka moyoni. Fundi wa kioo akafungua hati. Kompyuta ikamwuliza: *Hati hii ina viungo. Je, ungependa kuvisasisha?* Fundi alikuwa mtu wa adabu. Akabonyeza Ndiyo.

Mtukufu akapanda jukwaani. Alikuwa na kipaji cha kusoma bila kusikiliza.

"Ndugu wananchi! Niliwaahidi maji! Leo, kwa unyenyekevu mkubwa, natangaza kwamba katika visima vyote tulivyovizindua kwa utepe na ngoma, vinavyotoa maji ni kimoja!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi.

"Nacho kipo Ikulu!"

Vigelegele.

"Niliwaahidi afya! Zahanati zenye dawa nchini kote, ndugu zangu, ni sifuri!"

Watu wakasimama. Kwaya ikashindwa kusubiri zamu yake, ikaimba.

Sikudhani alikuwa amekaa katika safu za watumishi wa umma. Tangu ile "kimoja" alikwisha kuelewa kilichotokea. Hata hivyo mikono yake iliendelea kupiga makofi kwa mazoea, ikilipigia makofi kila neno lililokuwa likimchimbia kaburi.

Angeweza kunusurika kama si balozi mmoja wa nchi ya kigeni, aliyekaa safu ya mbele, kutoa kalamu na kuanza kuandika. Mtukufu aliiona ile kalamu. Akanyamaza. Akakitazama kioo, kwa mara ya kwanza akisoma kwa ajili yake mwenyewe.

Dakta Malekano naye aliiona kalamu. Akainuka, akasema anakwenda msalani. Hajarudi hadi leo. Ofisi yake ikapigwa lakiri siku hiyo hiyo, kompyuta ikiwa inawaka, jedwali likiwa wazi na zile namba za kweli, ili ushahidi usiguswe na mtu yeyote.

*

Uchunguzi ulikabidhiwa kwa Kamishna Mtepa wa Usalama, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye watu walimwogopa kuliko wenye sauti kubwa. Akamwita mtaalamu wa kompyuta wa serikali.

"Ukweli umeingiaje kwenye hotuba?"

"Afande, kuna kiungo kati ya Idara ya Hotuba na Idara ya Takwimu. Umepitia kwenye kiungo."

"Kiungo ni nani?"

"Si mtu, afande. Ni—"

"Najua si mtu. Mtu hawezi kufanya hivyo. Nakuuliza jina lake."

Mtaalamu akasema hajui jina, nalo lilikuwa jibu la kweli. Jioni redio ikatangaza kwamba yupo kiungo anayewaunganisha maadui wa ndani, na kwamba kila mwenye habari za kiungo chochote azifikishe kituoni.

Wananchi wa nchi ile walikuwa watiifu. Habari zikamiminika. Viungo wote wa timu ya taifa wakakamatwa mazoezini, kuanzia mkabaji hadi mchezeshaji, na mechi iliyofuata timu ikaingia uwanjani na mabeki na washambuliaji watupu, katikati pakiwa pweke. Walifungwa mabao mengi. Redio ikasema tumepata ushindi wa kinidhamu. Wauza viungo wa sokoni wakabebwa na magunia yao ya iliki na mdalasini. Harusi zikaliwa kwa wali mweupe, na bwana harusi mmoja aliyenukia karafuu akahojiwa mpaka fungate ikaisha. Wazee wenye maumivu ya viungo wakaacha kulalamika. Idara ya Afya ikatoa takwimu kwamba ugonjwa huo umetokomezwa.

Mimi nasimulia tu. Sikuwapo.

*

Nyumbani kwake, Sikudhani aliacha kula. Abedi alimtazama siku kadhaa, kisha alasiri moja akasimamisha cherehani.

"Mke wangu, unaumwa?"

Sikudhani akamwonyesha ishara aendelee kushona. Abedi akaelewa. Akaanza kukanyaga cherehani bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka kwenye hewa, ili mlio uwafunike.

"Kile wanachokitafuta," Sikudhani akasema, "nimekiweka mimi."

Mguu wa Abedi ukakosea, ukarudi kwenye mwendo.

"Kitoe basi."

"Kompyuta imepigwa lakiri. Ina askari mlangoni."

"Tuondoke."

"Tupite wapi? Mpakani wanawakagua watu viungo."

"Basi nyamaza. Nyamaza kabisa. Hakuna anayejua."

Sikudhani akachungulia dirishani. Kisha akasema, "Yule kijana wa timu ya taifa anayecheza namba sita, mama yake anakaa mtaa wa nyuma. Jana nimemwona anampelekea mwanawe chakula gerezani. Leo nimemwona anarudi nacho. Wamekikataa langoni, hata hajakifungua. Amekibeba hivi, mikono miwili, kama kitu kinachoweza kumwagika."

Abedi akaendelea kukanyaga. Alijua alichokuwa anaambiwa.

"Naogopa, Abedi. Usidhani siogopi."

"Najua unaogopa," Abedi akasema. "Hata hiyo kanga umeivaa ndani nje."

*

Kamishna Mtepa alimpokea vizuri. Alimwagizia chai, ambayo Sikudhani hakuigusa.

"Afande, nimekuja kuhusu kiungo. Hao mliowashika hawahusiki. Nimekiweka mimi."

"Umekiweka wapi, mama?"

"Kwenye hotuba. Si kitu kibaya, afande, ni cha kurahisisha kazi. Unakwenda kwenye jedwali, unashika kipanya, unabofya—"

"Unakishika kwa mkono gani?"

"Wa kulia, afande."

Kamishna akaandika.

"Na mkono huo unao hapa?"

Sikudhani akautazama mkono wake. Hakuelewa swali, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kulielewa. Vidole vilijikunja vyenyewe.

"Ninao, afande."

"Vizuri sana," Kamishna akasema kwa upole, akaandika: *Mtuhumiwa amekiri. Amefika na kielelezo.*

Taarifa ikapanda Ikulu. Ikarudi ikiwa na maneno ya Mtukufu mwenyewe, kwa wino wa kijani: *Kiungo kikatwe. Mara moja.*

Mtaalamu wa kompyuta angeulizwa, angesema hivyo ndivyo hasa inavyofanyika: unafungua hati, unakata kiungo, basi, hati haifuati tena jedwali. Lakini hakuulizwa. Waliitwa wanasheria. Wanasheria wakafungua kamusi kubwa ya serikali, na maana ya kwanza iliyoandikwa pale ilikuwa: *sehemu ya mwili, kama vile mkono au mguu.* Wakashauri kwamba amri za Mtukufu zifuatwe kwa maana ya kwanza, kwani maana ya pili na ya tatu ni za watu wa kawaida.

Sikudhani akasomewa amri hiyo akiwa amesimama. Mwanzoni alifikiri wanazungumzia hotuba, akashukuru. Kisha akaona wote wanatazama mkono wake.

*

Hospitali ya Taifa ilikuwa na daktari wa upasuaji mmoja, Dakta Ngollo, mzee mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa plasta. Dawa ya ganzi haikuwapo, na kwa hali hiyo hotuba ya Mtukufu ilikuwa sahihi kabisa. Sikudhani alilazwa mezani, mkono wake wa kulia ukawekwa kwenye stuli. Aliutazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Aliukumbuka ukimenya viazi, ukimpaka Abedi dawa ya mgongo, ukimshika mama yake kidevu siku ya mwisho. Haja ndogo ikamtoka, naye hakuona aibu.

Kamishna Mtepa alikuwa amesimama karibu na dirisha. Askari walikuwa mlangoni, nje.

"Afande," Dakta Ngollo akasema kwa sauti ya chini, "una hakika alimaanisha mkono?"

"Imeandikwa kiungo."

"Labda alimaanisha kitu kingine."

"Twende tukamwulize?"

Wote wawili wakalifikiria jambo hilo. Dakta Ngollo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kamishna akatoa leso. Sikudhani akaona, kwa mshangao, kwamba watu waliokuja kumkata mkono walikuwa wakiogopa kuliko yeye.

"Tukikata, na kumbe hakumaanisha mkono?" daktari akauliza.

"Mimi nimekwisha."

"Tusipokata, na kumbe alimaanisha?"

"Wewe pia umekwisha."

Daktari akafikiri tena. "Basi tukate, na tusikate. Mimi naandika cheti kwamba umekatwa, wewe unatia sahihi kama shahidi. Namfunga bendeji mpaka kwenye kiwiko. Mtukufu akiulizia mkono, umekatwa, cheti hiki hapa. Akisema sikumaanisha mkono, tunafungua bendeji, mkono huu hapa."

Kamishna Mtepa alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Dakta," akasema, "huo ndio utumishi wa umma."

"Mama," daktari akamwinamia Sikudhani, "kuna askari mlangoni. Itabidi upige kelele."

Akachukua msumeno, akaanza kukata mguu wa stuli. Hakukuwa na haja ya kumhimiza. Sikudhani alipiga kelele hata wagonjwa wa wodi ya pili wakaomba kuruhusiwa.

Siku iliyofuata wachezaji na wauza viungo wakaachiwa. Mtaalamu wa kompyuta akauliza kwa woga kama kile kiungo cha kwenye hotuba kimekatwa. Kamishna akamjibu kwamba kimekatwa na yeye alikuwapo. Mtaalamu akasema asante.

*

Sikudhani akaanza kuishi bila mkono aliokuwa nao. Abedi alimshonea gauni lenye mkono mmoja mrefu uliozibwa mwishoni, uning'inie mtupu huku wake ukikunjwa kifuani ndani ya nguo. Nje na kazini, ambako alirudishwa kwa kuwa adhabu ilikwisha, alifanya yote kwa mkono wa kushoto, na wakubwa zake wakamsalimia kwa kichwa. Ndani, milango ikifungwa, alikuwa akiutoa na kuukunja na kuukunjua, huku Abedi amesimama dirishani. Mlango ukigongwa, moyo wake uliruka kabla mkono haujaingia kwenye nguo. Akaanza kuota kwamba umeota mwingine, na kwamba huo nao unaonekana.

Lakini jirani yake mmoja, Mama Tegemea, alikuwa na macho. Kwenye mikutano ya kila juma, Msimamizi wa Makofi alipokuwa akipita safu kwa safu kuangalia nani anapiga kwa moyo na nani anagusisha tu viganja, alipofika kwa Sikudhani alimruka. Mtu wa mkono mmoja atapiga nini?

Mama Tegemea akaja kwa Abedi na kitambaa.

"Fundi, na mimi nimekatwa."

"Lini, shemeji?"

"Nimekatwa tu."

Abedi akaitazama ile mikono miwili iliyoshika kitambaa. Akachukua futi yake.

"Nikupime mkono upi?"

Wakafuata wengine, wanawake kwa wanaume. Dakta Ngollo akaandika vyeti. Alikosa dawa, lakini karatasi alikuwa nazo. Kila mmoja aliyekatwa aliogopa kuulizwa amekatwa kwa amri ya nani, na kila afisa aliogopa kuuliza, asije akawa ndiye asiyejua amri hiyo.

*

Kwa kuwa ile ya kwanza iliharibika, Mtukufu aliagiza Siku ya Kushukuru irudiwe. Idara ya Hotuba ikaitoa hotuba ile ile. Hakuna aliyethubutu kuisoma kabla, maana aliyeisoma angekuwa anajua kilichomo. Fundi wa kioo akaulizwa tena na kompyuta, akajibu kwa adabu.

Sikudhani na Abedi walikaa katikati ya uwanja. Sikudhani alijua. Kwa wiki nzima alijaribu kumwambia mtu kwamba kiungo bado kipo, na kila alipofungua mdomo aliona msumeno.

"Vinavyotoa maji ni kimoja!" Mtukufu akatangaza, akasimama kusubiri makofi.

Yakaja. Lakini yalikuwa ya hapa na pale, kama mvua inayojaribu bati. Uwanja mzima ulikuwa umejaa mikono ya nguo inayoning'inia.

"Zahanati zenye dawa ni sifuri!"

Safari hii wachache walioanza kupiga walisikia makofi yao wenyewe, wakaacha. Pakawa kimya. Kwa kuwa palikuwa kimya, Mtukufu akausikia mwangwi wa sauti yake ukirudi kutoka upande wa pili wa uwanja: *sifuri*. Akageuka huku na huku.

"Nimesema nini?" akauliza kwenye kipaza sauti.

Mawaziri wakatazama viatu. Hapo Abedi akasikia sauti ikitoka pembeni yake, nyembamba, ya mtu anayezama.

"Umesema sifuri, Mtukufu."

Sikudhani hakujua kwamba ni yeye mpaka alipoona vichwa vinageuka.

"Nani huyo?" Mtukufu akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na woga, na hilo ndilo lililowaogopesha watu zaidi.

Afisa mmoja jukwaani akanyoosha kidole. "Ni mwanamke! Hana mkono! Fungeni milango, mkamateni mwanamke asiye na mkono!"

Askari wakaingia katikati ya watu. Wakamshika mmoja, wakaona wa pili, wakamwacha wa kwanza, wakaona safu nzima. Mama Tegemea akasimama, mkono wa gauni ukipepea. Akasimama mwingine nyuma yake. Askari wakaanza kuulizana wanamtafuta yupi.

Abedi alikuwa amekwisha kuinama. Akaushika mkono wa gauni la mkewe, akafumua mshono kwa meno.

"Utoe," akamwambia. "Utoe sasa hivi, tutembee."

"Wataniona."

"Wanamtafuta asiye nao."

Sikudhani akautoa. Ulikuwa umepauka kwa kukosa jua, na ulionekana wa mtu mwingine. Akaushika mkono wa Abedi, wakapita kati ya askari, ambao walimtazama mikono miwili na kumpisha wamfikie aliyekuwa nyuma yake.

Langoni alikuwa amesimama Kamishna Mtepa mwenyewe.

Akamwona. Akamtazama usoni, kisha macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye ule mkono. Alikuwa na filimbi mdomoni. Pumzi moja tu ingetosha. Lakini akisema huyu ndiye, ataulizwa mkono huu umetoka wapi, na cheti kina sahihi yake. Akaitoa filimbi mdomoni.

"Pita, mama," akasema.

Sikudhani akapita. Alitaka kukimbia, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa woga, ikabidi atembee polepole, kama mtu asiye na hatia.